Mwenye Maji Hapigi Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, nyikani huko, palikuwa na ziwa dogo. Mvua ililijaza, wala haikuuliza nani ana pembe na nani hana. Lakini Nyati alikuwa na pembe, na pembe zikatunga sheria: mnyama mdogo akija majini asimame nje, apige hodi, angoje karibu.

Basi wadogo hufika asubuhi. "Hodi!" Kimya. Nyati anakunywa, gugu, gugu! Anaoga, chubwi! Jua likizama ndipo anajibu, "Karibuni." Wakaribie nini? Tope tupu!

Palikuwa pia na Kasuku, bingwa wa maneno. Kila siku yuko juu ya mti wa mgunga: "Haki! Usawa! Maji kwa wote!" Wadogo wanapiga makofi, pwa! pwa! pwa! Kisha wanarudi kupiga hodi. Cheka tu wewe, nawe ungepiga.

Mama Kanga naye alipiga makofi, mpaka siku kinda wake Kidoti alipoanguka kwa kiu. Akamkimbilia Kasuku.

"Ndugu Kasuku, twende tukanywe."

"Subiri, mama. Kwanza tukubaliane usawa ni nini."

"Mwanangu anakufa kiu!"

"Hilo dogo. Mimi nawaza makubwa."

Mama Kanga akamtazama, akasema, "Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Mimi nakwenda kwangu."

Akamwita Pimbi, asiye na mkia ila ana moyo. Akamwita na Kobe. "Hatumtukani mtu, hatumpigi mtu. Tunakunywa tu. Ukifukuzwa, rudi."

"Na tukikanyagwa?" akauliza Pimbi.

"Hata mimi naogopa, mwenzangu. Lakini twende."

Wakaingia. Nyati akafura. "Hodi yenu iko wapi?" Akamrukia Mama Kanga, manyoya ya mkia yakabaki chini ya kwato. Huku nyuma Pimbi anakunywa. Akimgeukia Pimbi, Mama Kanga yumo, anamchotea Kidoti kwa mdomo. Akirudi kwa Mama Kanga, Kobe yule! Kobe akapigwa teke, ka! Akajificha gambani. Kidogo, kichwa hicho, anakunywa tena!

Digidigi wakaona, wakaingia. Nungunungu wakaona, wakaingia. Mchana kutwa Nyati anazunguka ziwa, di! di! di! Akifukuza huyu, wanaingia wale. Na yeye mwenyewe? Hajaonja hata tone!

Jioni miguu ikamwishia. Akapiga magoti, ulimi nje. Wote wakamtazama Mama Kanga. Hasira alikuwa nayo, jamani, angekosaje? Lakini akasogea, akamwachia nafasi kando ya Kidoti.

"Kunywa, jirani. Yanatutosha."

Nyati akainama kwa aibu, akanywa. Hakuna aliyepigishwa hodi tena pale.

Kasuku akashuka mbio. "Mnaona? Nilisema!"

"Ulisema, kweli," akajibu Mama Kanga. "Sasa Kobe alipigwa teke tena, akatupwa kule nje, mguu umeumia, hawezi kurudi majini. Mpelekee."

Kasuku akafungua mdomo ahutubie. Akamwona Kobe, midomo imemkauka. Basi akainama, akaujaza mdomo maji, akaenda kimya.

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo: haki haitoshi kuhubiriwa, sharti itendwe, na huanzia kwa jirani mwenye kiu. Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda asinipigie makofi, aende akatende.