Kiti cha Mninga cha Fundi Senkondo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kwenye milima ya Upare, aliishi fundi seremala aitwaye Senkondo. Asubuhi moja, randa mkononi, kifua kikambana kama kimetiwa kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao. Jasho likamtiririka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Mkewe, Nakiete, akamkimbiza hospitali ya wilaya.

Zamu ilikuwa ya muuguzi Tumsifu. Akambandika nyaya kifuani, akapima umeme wa moyo. Mashine ikatoa karatasi, na kwenye karatasi mstari umeinuka kama kilima. Daktari Kisamo akautazama.

"Ni shambulio la moyo. Mshipa umeziba."

Senkondo akachomwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ikapita saa moja na nusu, maumivu yakaisha kabisa. Akaanza kutania, akaomba chai.

"Sista, niache nilale. Nimepona."

"Umepona wewe, Mzee. Moyo wako sijauuliza," Tumsifu akajibu, akambandika tena nyaya.

Kilima kilikuwa palepale, hakijashuka hata nusu. Tumsifu alikiona, ila maana yake hakuijua. Aliyeijua ni daktari.

"Mzee, mshipa haujafunguka vizuri. Nimewafuatilia wagonjwa wenye mchoro kama huu. Wengi walirudi nyumbani wanacheka, na baada ya miaka michache wakawa wanahema kwa kuvuka ua tu. Wengine hiyo miaka hawakuiona. Nenda hospitali ya rufaa leo hii, wakauzibue kwa mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa."

"Siendi," akasema Senkondo. "Mtu haumwi, anapelekwa wapi?"

Hapo Nakiete akasimama. Ule mchoro kwake ulikuwa mikwaruzo tu, lakini mumewe alimjua.

"Baba Elineema, miaka thelathini nimekuacha uamue. Leo gari utalipanda, kwa miguu yako au kwa mgongo wangu."

Akalipanda. Mshipa ukazibuliwa siku hiyohiyo. Tangu hapo Nakiete akampa vidonge kila jioni na kusimama mpaka avimeze. Chumvi akaipunguza. Tumbaku akaitupa chooni.

Miaka minane ikapita. Senkondo akawa anapanda mlima kwenda kanisani bila kupumzika, na akifika anaimba besi. Nyuma ya karakana alikuwa na ubao mmoja wa mninga, aliouweka kwa ajili ya jeneza lake. Siku moja akautoa, akaupiga randa, akatengeneza kiti chenye mikono. Kisha akawaita wale watatu uani, wakanywa chai.

"Kiti hiki ni cha aliyenipa miaka hii," akasema.

Tumsifu akacheka. "Basi ni changu! Nisingepima mara ya pili, daktari angesoma nini?"

"Ungepima hata mara kumi, Sista," akasema Kisamo. "Bila mtu wa kuiona miaka ya mbele kwenye ule mstari, ile ni karatasi tu. Kiti ni changu."

Nakiete akaweka birika chini. "Wewe ulipima, wewe ukasoma, na yeye akakataa! Nani alimpandisha gari? Nani amemmezesha vidonge miaka minane? Changu hicho."

Kila aliposema mmoja, Senkondo alitikisa kichwa kukubali, uso umemjaa furaha. Wote aliwaona wamesema kweli. Lakini kiti ni kimoja, na ubao umekwisha.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, chai yao inapoa na kiti kiko wazi. Je, akikalie nani?