Mama Asiyepiga Yowe

Gody alikuwa mchambuzi wa filamu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe mpya. Kila Jumamosi ya Desemba, redio zilifunguliwa kuanzia Musoma mpaka Bunda ili watu wamsikilize akizipanga filamu mpya za kufungia mwaka. Wenye mabanda ya video hawakubandika tangazo mpaka yeye aseme.

Jumamosi iliyotangulia Krismasi alianza na filamu ya kutoka Dar es Salaam. "Nyumba nzuri, magari mazuri, hadithi imeachwa getini," alisema. Ile ya mapigano kutoka Mwanza aliisifu kidogo, ingawa "adui anapigwa risasi, anakufa, halafu anarekebisha shati." Kisha akaifikia Sahani Saba, kazi ya dada mmoja wa Kabasa, Bunda, aitwaye Ghati. Ndani yake mama anaambiwa mtoto wake hajaonekana tangu asubuhi. Hapigi yowe. Anachuchumaa na kuosha sahani saba ambazo tayari ni safi, huku akiimba na midomo imefumbwa.

"Nawauliza, wasikilizaji, huyo ni mzazi gani wa Mara? Kwetu hata ndama akipotea, yowe linapigwa na kijiji kizima kinaitika. Mzazi asiyepiga yowe anajua mtoto alipo. Sifuri."

Siku mbili baada ya Krismasi, mkewe Dafroza alikwenda Butiama kumuuguza mama yake, akamwachia binti yao Nyamburi, mwenye miaka minne. Saa nane mchana Gody alikuwa sebuleni kwake Bweri, mjini Musoma, akiandika maoni mengine, mtoto akicheza uani. Alipoinua macho, ua ulikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Alizunguka nyumba akiita. Aliita mara tatu. Akalichungulia shimo la choo kipya, ambalo fundi alikuwa hajalifunika. Chini kulikuwa na maji ya mvua, meusi, yametulia, yakamrudishia uso wake. Alifungua mdomo apige yowe. Sauti haikutoka. Miguu ikampeleka yenyewe mpaka kwenye beseni. Akachuchumaa, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Akasikia mtu akiimba na midomo imefumbwa, akageuka amwone. Uani hapakuwa na mtu ila yeye.

Jirani yake, Mama Kulwa, alimkuta hivyo.

"Baba Nyamburi, nimekusikia unaita mtoto, halafu kimya. Yuko wapi?"

"Hayupo," Gody alisema, akisuuza kikombe.

"Hayupo, na wewe unaosha vyombo?"

Gody alichukua sahani nyingine. Mama Kulwa alirudi nyuma hatua mbili, kisha yeye ndiye aliyepiga yowe. Bweri iliitika. Wanaume walikuja na fimbo, wanawake wamejifunga khanga viunoni. Lakini walipofika hawakutawanyika kutafuta. Walisimama wakimzunguka, macho yote kwenye mikono yake iliyojaa povu.

"Si ndiye yule wa redioni?" mmoja alisema. "Alikuwaga anatufundisha mwenyewe. Asiyepiga yowe anajua mtoto alipo."

Mzee Ryoba, mwenyekiti wa mtaa, aliinama. "Gody, mwanangu, lile shimo umelichungulia?"

"Nimelichungulia, mzee."

"Umeona nini?"

"Nimejiona."

Watu wakaguna. Vijana wawili wakamshika mabega, wengine wakateremsha mti mrefu shimoni na kuanza kuyachokoa maji. Gody alitaka kuwaambia kwamba kifua kinawaka, kwamba akiacha kusugua atakufa. Maneno yaliyokuwa yakimpa ugali wake yalikuwa yamemtoroka yote. Mti ulizama, ukatoka, ukazama. Jua lilikuwa linaelekea ziwani, na kati ya watu wale wote hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtafuta mtoto.

Mti ukatoka mtupu mara ya mwisho. Ndipo mzee Ryoba alipowafokea watu wasambae.

Mama Kulwa ndiye aliyempata, ndani ya pagale, nyumba isiyoezekwa, mbali kupita shamba la mihogo. Nyamburi alikuwa amelala katikati ya watoto wa mbwa. Alipoletwa begani, aliangalia umati kwa usingizi.

"Nilikusikia unaimba, baba," alisema. "Nikalala."

Hakuna aliyecheka. Kule kwenye pagale hata yowe la Mama Kulwa lilikuwa halijamwamsha. Gody alimpokea mwanawe kwa mikono iliyolowa, na hata hapo hakulia.

Asubuhi ya Jumamosi alimpigia Ghati simu. "Dada, zile sahani. Ulijuaje?"

"Sikubuni, kaka. Nilisimama mlangoni nikimwangalia mama anaziosha. Nyumbani tulikuwa watu saba mpaka siku ile."

Jioni, redioni, Gody aliitaja Sahani Saba kuwa ya kwanza kati ya filamu zote za mwaka. Mtangazaji mwenzake akangoja uchambuzi. Wasikilizaji wakangoja pia.

"Nendeni mkaitazame," Gody alisema. "Mimi nilitoa hukumu nikiwa nimesimama nje." Akaisogeza maikrofoni pembeni.

Hakika, adhabu ya kaburi aijua maiti.