Ngoma Iliyopasuka Harusini kwa Swala

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, harusi na umbea kama sisi, Bi Pimbi aliishi na wanawe katika pango lisilovuja hata tone. Mwili wake haukumzidi paka, lakini akili! Mimi nampa heko mpaka leo.

Fisi alilitamani pango lile. Akamwendea Nyati.

"Mjomba, unakumbuka harusi ya Swala, Bi Pimbi aliposema pango ananipa mimi?"

"Mh! Sikumbuki."

"Kumbuka vizuri! Ulicheka mpaka ukapaliwa na pilau."

Nyati akakuna kichwa. Kesho yake akamsimulia Kiboko: "Nilicheka mpaka nikapaliwa!" Na Kiboko akaapa kuwa yeye ndiye aliyempiga mgongoni, pu! Si kwamba walidanganya, wanangu. Waliamini kabisa.

Basi Fisi akalidai pango, na baraza likakaa mbele ya Mzee Tembo. Mvua inanyesha, watoto wa Pimbi wanalia, na Fisi keshabeba mkeka wake wa kuhamia.

"Bi Pimbi, mashahidi wamekukalia vibaya," alisema Tembo. "Una neno?"

Pimbi akatabasamu. "Harusi ile ilinoga, jamani! Mjomba Nyati, unakumbuka ngoma ilivyopasuka? Paa! Bibi harusi akaruka!"

Nyati akafumba macho. "Ehee! Paa! Naiona hivi!"

"Mimi ndiye niliyeiokota!" akadakia Kiboko.

"Kweli tupu," akasema Fisi, asije akawaangusha mashahidi wake.

"Mjomba," Pimbi akauliza taratibu, "ngoma huwambwa nini?"

"Ngozi."

"Ngozi ya nani?"

Nyati akafumbua macho, pwa! Kwa wanyama, wanangu, ngoma ni mwiko. Nani atacheza juu ya ngozi ya ndugu yake? Harusini kwa Swala walipiga makofi tu.

"Yaani nimecheza ngoma ya ngozi ya shangazi yangu?" Nyati akanguruma, machozi yakimlengalenga. "La! Hapakuwa na ngoma. Wala... wala sikupaliwa! Ni Fisi aliyeniambia!"

Tembo akageuka. Fisi? Huyooo, alishatimua mbio, mkeka kauacha. Watoto wa Pimbi wakaulalia usiku uleule, pakavu, tumbo juu.

Nanyi mkiambiwa "unakumbuka?", jiulizeni kwanza: niliona, au niliambiwa?