Ukuta wa Sahani za Bwana Badi

"Na mgeni akitaka kutia udhu usiku, atapita wapi?"

Inasimuliwa kwamba mwenye kuuliza alikuwa Mwana Jaha, mwanamke mcha Mungu wa mji mmoja wa pwani, zama za mababu. Aliuliza mchana kweupe, amesimama mlangoni mwa sabule, chumba cha kulaza wageni, mbele ya watu wenye masikio mazima. Mumewe, Bwana Badi, alikuwa akipima ukuta kwa shibiri. Fundi alikuwa akikoroga chokaa. Bi Somoe, mama yake Bwana Badi, alikuwa akitafuna tambuu. Kila mmoja akaendelea na kazi yake.

Swali lenyewe jepesi, wallahi. Sabule ile ilikuwa na kijimlango cha nyuma kilichomfikisha mgeni msalani na kwenye maji bila kuonana na mtu. Bwana Badi, Mola amrehemu, alikuwa mkarimu na hakosi safu ya mbele msikitini. Lakini alikuwa ameletewa sahani za kaure kutoka Uchina, na sahani zilitaka ukuta. Basi kijimlango kikazibwa, zikachongwa zidaka za kupangia sahani, na njia ya kwenda majini ikabaki moja tu: kukatiza uani, katikati ya wanawake waliolala. Mwanamume gani mwenye haya angepita hapo?

Chokaa ilipokauka, Mwana Jaha aliuliza tena.

"Atakuwa ametia udhu kabla ya kulala," alisema Bwana Badi.

"Na ile kahawa unayomnywesha, bwana, nayo itakuwa imelala?"

"Mwana Jaha! Huna haya?"

Mwana Jaha akaweka karai na mtungi wa maji nyuma ya pazia la kitanda. Kesho yake akavikuta uani, vimetupwa karibu na kuku. "Karai mbele ya kaure!" mumewe alilalamika. "Watu watatuonaje?" Akavirudisha. Vikatolewa tena. Mwisho akaambiwa kwamba mke mwema haongezi vitu katika chumba ambacho mumewe amekwisha kukipamba.

Wageni wakaja, maana mji ule ulipitiwa na wengi wanaokwenda Hija. Kila mgeni alioneshwa sahani moja baada ya moja, akasema Mashaallah, akajazwa kahawa na sharubati, akafungiwa mlango kwa heshima zote. Na kila mgeni, kabla ya adhana ya alfajiri, alikuwa amekwisha kukamata bahasha, furushi lake la nguo, na kwenda zake msikitini mbio mbio. Haki ya mgeni ni siku tatu. Kwa Bwana Badi hakuna aliyemaliza moja. Na akiulizwa kama alipungukiwa, kila mmoja alitoa jibu lile lile: "Hakuna upungufu, Alhamdulillahi."

Basi kama chumba hakina upungufu, upungufu uko wapi? Wanaume wa barazani hawakuchelewa kuupata. "Ni mke," walisema. "Ana uso wa kumkimbiza malaika." Maneno yakamfikia Bwana Badi, naye, subhanallah, akayaamini. Alikuwa radhi kumshuku mwanamke aliyelala naye mto mmoja miaka yote ile kuliko kuushuku ukuta wake.

Kisha akaja Maalim Idarusi, mzee aliyeheshimiwa kwa ilimu na uchaji. Bwana Badi akamwambia mkewe, "Huyu naye akiondoka kabla ya siku zake, utakwenda kukaa kwa kaka zako mpaka ujifunze kupokea watu."

Asubuhi Maalim alikutwa amelala kwenye mkeka wa msikiti.

"Funga nguo zako," alisema Bwana Badi.

Mwana Jaha alikuwa na subira. Bubu hakuwa. Alijitanda ushungi, akashika njia ya msikitini. Bi Somoe akamfuata nyuma. "Nakuja nisikie mwenyewe," alisema. "Usiku nilisikia miguu ikizunguka humo sabuleni. Nilidhani anavuta uradi."

Maalim alitoka hadi kizingitini, akawaitikia salamu.

"Maalim," alisema Mwana Jaha, "nilikukosea nini nyumbani kwangu?"

"Hukunikosea, binti yangu. Hakuna upungufu, Alham—"

"Usimalize, tafadhali, nakuomba kwa adabu zote. Neno hilo nimelisikia kwa kila aliyelala mle. Kwa neno hilo watu wamesema nina uso mbaya. Kwa neno hilo nguo zangu sasa ziko kwenye bahasha. Nyinyi mnahifadhi haya yenu, Maalim, na mimi ndiye ninayeondoka nyumbani."

Bi Somoe aliacha kutafuna.

Mzee akainamisha kichwa. "Astaghfirullah," akasema. "Nilidhani nimeisitiri nyumba. Kumbe nimesema uongo, na uongo wenyewe umemwangukia asiyekuwa na kosa. Mumeo anajua njia imezibwa?"

"Alisimama akiiziba."

"Umemwambia?"

"Maalim, mimi hata kuku nimewaambia."

Mzee alicheka hadi akajifuta macho, akarudi nao. Akamwambia Bwana Badi, "Leo niwie radhi niwe mwenyeji, nawe uwe mgeni wangu katika sabule yako. Kutoka adhuhuri hadi alaasiri tu."

Bwana Badi akaona hiyo ni heshima kubwa. Akaketishwa kwenye mito ya zari. Maalim akamsifia sahani moja moja, akamjazia kahawa, kisha sharubati, kisha tikiti. "Kunywa, mgeni hakatai." Halafu mzee akafunga mlango, akaenda kuketi barazani na wanaume. Mwana Jaha naye alikuwa amewaalika wanawake wa mtaa kusoma khitma, na ua wote ukajaa.

Mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Bwana Badi alijilaza akaziangalia kaure zake. Kisha akageuka upande. Kisha akaketi. Kisha akasimama, akaanza kuzunguka. Akafungua mlango wa uani nusu. Akaona shungi kwa shungi, majirani zake wote, akaufunga. Akafungua wa barazani.

"Mgeni wangu!" alisema Maalim kwa sauti ya kusikika na wote. "Umepungukiwa na nini?"

Wanaume wote wakageuka kumtazama. Bwana Badi akafungua kinywa. Angesema nini, mtu mzima, mbele ya baraza zima?

"Hakuna upungufu," alisema, "Alhamdul..."

Akakwama hapo hapo. Alilisikia neno lile kwa sauti yake mwenyewe, na akawasikia humo wageni wake wote. Alisimama kizingitini, miguu imebanana, machozi yakimlenga.

"Mke wangu aliniambia," alisema mbele yao wote. "Tangu chokaa ni mbichi aliniambia. Hakuna mgeni aliyekimbia uso wake. Wamekimbia ukuta wangu. Nanyi mliomsema, na mimi niliyewasikiliza, tuna deni kwake. Maalim, kwa haki ya Mungu, nipishe!"

Maalim akampisha, naye akaenda msikitini mbio mbio, kwa njia ile ile ya wageni wake.

Alirudi na udhu wake, na nyundo. Sahani zikateremshwa na kijimlango kikazibuliwa kabla ya magharibi. Kisha akaenda mwenyewe kuifungua bahasha ya nguo za mkewe, akazirudisha kashani moja moja, akiomba radhi kwa kila moja. Mwana Jaha alimsamehe, ila alimwacha amalize zote.

Maalim alikaa siku zake tatu, akalala fofofo.

Ukarimu ni ibada, na kama ibada nyingine huharibika pale mtu anapoutazama kwa macho ya watu. Na haya ni katika imani, lakini haya inayomwachia mwenzio lawama, hiyo si haya. Basi wewe unayesikiliza, kabla hujamkaribisha mtu alale kwako, ingia chumba hicho, funga mlango, ulale humo usiku mmoja. Ukitoka, mwulize mkeo alikuwa akikuambia nini.