Maji ya Kaburini kwa Bibi Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo sauti? Kwani leo hamkula? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, mimi sijazaliwa, na wewe Zuwena tulia, maswali baadaye. Jua liliwaka. Mto ukakauka. Kisima kikakauka. Hata matope yakakauka.

Mama Ngiri alikuwa na mwana mmoja, Kijino. Ulimi umemvimba, macho yamezama, halii tena. Mtoto akiacha kulia, jamani, mama yake hana raha.

Ngiri akanusa huku, akanusa kule. Maji yalinukia pahali pamoja tu, chini ya kaburi la Bibi Ndovu. Na mwiko wa mbuga ulikuwa huo: kaburi haliguswi.

Akachimba. Kwaru, kwaru! Analia, anachimba. "Nisamehe, Bibi." Kwaru, kwaru! Akaikuta mifupa, akaitoa mmoja mmoja, akailaza kivulini. Maji yakatoka, bubu-bubu-bubu! Kijino akanywa. Kijino akalia. Alhamdulillahi!

Wanyama wakaja mbio kumshtaki. Lakini kwanza wakanywa. Gu, gu, gu! Nyati, hakimu wao, akasimama, kidevu kinachuruzika maji.

"Ngiri, umekosa!"

"Nimekosa, Mzee."

"Basi kifukie hicho kisima!"

 Wanyama wakatazamana. Wao pia wana watoto.

Mbweha akacheka. "Sasa shida iko wapi? Maji yametufaa. Kinachofaa ndicho haki. Mwiko basi!"

"Eeh!" wakaitikia wote. Nyati naye, "Eeh!" Tena kwa sauti kubwa.

Kesho yake Mbweha akaanza kuchimba kwingine. Kwaru, kwaru!

"We! Hapo kalala mama yangu!" Nyati akaruka.

"Kisima chenu kiko mbali na kwangu, Mzee. Hiki kitanifaa. Si ulisema eeh?"

  Jana eeh, leo hapana, Nyati aseme nini? Kichwa kikamzunguka. Akamgeukia Ngiri.

"Mwanangu, nisaidie. Wewe ulichimba, huyu anachimba. Tofauti iko wapi?"

"Hata mimi nimechanganyikiwa, Mzee. Najua Kijino angekufa. Najua pia nilikosa. Hata leo asubuhi nilienda kwenye ile mifupa nikaomba radhi. Huyu kamwomba nani?"

Mbweha akatazama makucha yake. 

Nyati akalifukia lile shimo kwa kwato zake. Kisha akaenda kivulini, akapiga magoti mbele ya mifupa. "Nisamehe, Bibi. Nami nilikunywa." Akanyanyuka, akaenda kunywa tena, maana kiu ilikuwa pale pale.

Nini, Zuwena? Ngiri alikosa au hakukosa? Ah, usinivuruge! Mwaka wa ngapi huu naisimulia, na bado sijui. Ninalojua ni hili: kitu kikikufaa, uliza kinamuumiza nani. Na ukilazimika kuvunja mwiko, vunja, lakini kuvunja huko usikuite haki.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu, mtungi ule pale.