Mkia wa Makoti Ndani ya Wimbo wa Bi Panya

— Ngano yaja.
— Ipite, mlango uko wazi.
— Imekuja bila shahidi.
— Ikae hivyo hivyo, tutaipima wenyewe.

Hapo kale, tarehe yake sina hakika nayo na sitaki kuisingizia, aliishi Bi Panya, mtwangaji wa mtama, pamoja na mumewe Makoti. Binti yao Chiku alikuwa aolewe Ijumaa. Bi Panya akaamua kumtungia wimbo wa kumuaga. Akautungia kinuni, mchi ukipanda, mchi ukishuka. Jumapili akapata mahadhi. Jumatatu akapata maneno. Jumanne akauimba wote:

Nenda mwanangu, we nenda, nyumba yako yakungoja,
Cheko langu lichukue, chozi niachie mimi,
Makoti, toa mkia wako kwenye unga,
Nenda mwanangu, we nenda.

Mstari ule wa mkia, ndugu zangu, haukukusudiwa. Makoti alikuwa amepita nyuma ya ungo kuonja unga, na mkewe akamkemea bila kupoteza mapigo.

"Si mimi, mke wangu," Makoti akakana. "Ni upepo."

Upepo wenye mkia? Mimi nauliza tu.

Juu ya paa, siku zote tatu, alikuwa ametua Kasuku. Jumapili akaiba mahadhi. Jumatatu akaiba maneno. Jumanne akauiba wote kama ulivyo, akaruka nao hadi sokoni. Jumatano kila mnyama akawa anauimba. Alhamisi asubuhi Kasuku akatangaza: "Wimbo ni mali yangu. Anayetaka kuuimba aniombe ruhusa. Bi Panya asijisumbue kuomba, sauti yake inakwaruza."

Hebu fikirini. Mama azuiwe kumwimbia bintiye wimbo aliomtungia kwa kinywa chake mwenyewe, na harusi ni kesho. Bi Panya akalia kidogo, akajifunga kibwebwe, akaenda kwa Hakimu Kakakuona.

Hakimu huyu alikuwa mwadilifu, ila alikuwa na kasoro moja: akisikia kelele hujikunja akawa mpira, na shauri husimama mpaka ajikunjue.

"Niliutunga mimi," akasema Bi Panya.

"NILIUTUNGA MIMI," Kasuku akapayuka.

Hakimu akajikunja. Wakangoja. Akajikunjua.

"Polepole, Bwana Kasuku. Nyote wawili mnadai, na dai si ushahidi. Uimbe."

Kasuku akauimba, tena vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Hadi mkia, hadi unga.

"Makoti ni nani?" akauliza hakimu.

"Makoti ni... matumaini, mheshimiwa."

"Na mkia?"

"Mkia ni yaliyopita. Yako nyuma yetu, siyo?"

Mbuzi mmoja akafuta machozi.

"Na unga?"

"Unga ni maisha. Ni meupe, halafu yanaisha."

Hakimu akamgeukia Bi Panya. "Wewe wasemaje, mama?"

"Makoti ni mume wangu. Mkia ni mkia. Unga ni unga."

"Hilo nalo ni dai. Huyo Makoti yupo hapa?"

Alikuwapo, nyuma kabisa, ameinama. Akijitokeza, atakuwa amekiri mbele ya wakwe zake wapya, waliokuja kusikiliza shauri, kwamba mdokozi wa unga ni yeye. Akinyamaza, Chiku ataolewa bila wimbo wake.

"Makoti yupo?" Makoti akazidi kuinama.

"Makoti yupo?" Mtu akakohoa.

"Kwa mara ya mwisho, Makoti yupo?"

Makoti akainuka, mkia ameushika kwa mikono miwili. "Nipo, mheshimiwa. Jumanne haukuwa upepo. Hata Jumatatu haukuwa upepo."

"Hiyo ya Jumatatu sikuijua," akasema mkewe.

"Tutaongea nyumbani, Mama Chiku."

Hakimu akatoa hukumu. "Mtungaji hujua neno lake limetoka wapi. Wewe, Kasuku, umebeba hadi makemeo ya mume wa mtu, ukayaita matumaini. Wimbo ni wa Bi Panya. Ukitaka kuuimba, umwombe yeye, na kila uimbapo utangulize jina lake."

Ijumaa Bi Panya akamwimbia bintiye, na mstari wa mkia akauruka. Wageni wakagoma. Wakauimba wao wenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, wakwe wakiwa mbele.

Jumamosi Makoti akarudi kwa hakimu, kifua mbele. "Mheshimiwa, mstari unaopendwa kuliko yote ni wangu. Bila mkia wangu usingekuwapo. Nami nitajwe mtungaji."

"Mkia ulikuwa wako," akasema hakimu. "Maneno yalikuwa yake."

Kisha akajikunja, ingawa hakuna aliyepiga kelele. Wengine husema alikuwa akicheka humo ndani. Sikuona, kwa hiyo siapi.

— Ngano yatoka.
— Yatoka na nani?
— Na yeyote aipendaye, ila akiisimulia aseme ameisikia kwangu.
— Tutasema.
— Na mkiulizwa ni nani aliyeonja unga?
— Tutasema ni upepo.