Mkwezi Aliyeona Nazi Tu

— Wajukuu zangu, nianze?

— Anza, Bibi!

— Nikisahau?

— Tutakukumbusha!

— Nikizidisha chumvi?

— Tutakunywa maji!

— Na nikiteleza?

— Tutakusitiri!

Basi bismillahi, naanza. Kaeni vizuri kwenye mkeka, na wewe Salha endelea kukuna hiyo nazi, maana mikono ikifanya kazi masikio hayalali. Wewe ndiye uliyekuja na swali. Umerudi shule umenuna, unasema darasani mko akina Mkwezi wanne, hamna undugu, na wenzenu wanawacheka: "Pandeni mnazi tuwaone!" Na baba yako ni fundi cherehani, hata ngazi anaiogopa. Sasa jina hili limetoka wapi? Mimi kisomo changu ni juzuu chache na darasa la nne. Nasema nilivyoambiwa na bibi yangu, naye aliambiwa na bibi yake. Ajuaye yote ni Mungu.

Zamani hizo, zamani za watu kuamkiana mpaka chakula kikapoa, palikuwa na mji ukiitwa Makutini. Minazi mbele, minazi nyuma, minazi katikati. Kila nyumba ina ua, na ua umezungushiwa makuti, na ndani ya ua hakuna paa. Humo ndimo wanawake walimooga, wakasukana, wakatwanga, na, tuseme ukweli, wakasengenyana. Makuti yale yalimzuia mpita njia asione. Je, yalimzuia aliye juu ya mnazi?

— Hayakumzuia!

Hayakumzuia! Mkwezi, yule anayepanda mnazi kuangua nazi, akifika kileleni aliuona mji wote kama wali kwenye sinia. Kwa hiyo wazee wa Makutini waliweka ada. Mkwezi kabla hajapanda hulipiga shina kwa bapa la panga mara tatu, pa, pa, pa, kisha huita: "Mkwezi juuu! Mkwezi juuu!" Hapo anayeoga anajifunika, anayesengenya anakohoa, anayekula peke yake anaficha sahani. Ndipo mkwezi anapanda. Na akishuka watu humwuliza: "Juu kuna nini?" Naye hana jibu ila moja: "Kuna nazi tu." Hata kama ameona mume na mke wakirushiana mwiko, kuna nazi tu. Haya, juu kuna nini?

— Kuna nazi tu!

Salha anauliza, na akiona moto je? Na akiona mwizi? Umeuliza vizuri. Akiona moto alipiga ukelele hukohuko juu mpaka mji mzima utoke na ndoo. Linalodhuru watu husemwa. Linalomwaibisha mtu tu, hilo ndilo nazi.

Basi, mkwezi wa mji huo aliitwa Kondo. Mwepesi kama kuchakuro arukaye mitini, na Mungu alimjalia mabinti watano bila mtoto wa kiume hata mmoja. Wakati huo Mkwezi halikuwa jina la ukoo. Ilikuwa kazi tu, tena kazi ya kudharauliwa. Wenye vilemba walikula tui lake mchana na jioni, lakini mkono wake waliushika kwa ncha za vidole.

Binti yake mkubwa, Sikudhani, alikuwa amechumbiwa na kijana wa nyumba ya mwashi, wale wajenzi wa nyumba za mawe. Baba wa kijana alikubali kwa shingo upande. "Nyumba ya mawe kuoa nyumba ya kamba ya mkwezi!" alisema. Lakini kijana alikataa kula siku mbili, baba akasalimu amri. Ndoa ikawekwa Ijumaa.

Sasa, Jumatano ya wiki hiyo, Diwani Mwinyimvua, mkubwa wa mji, alitaka madafu ya wageni wake. Diwani huyo alikuwa mtu wa kuogopwa. Hacheki. Akikohoa barazani, watu walinyoosha migongo. Akipita njiani, kuku walikwenda upande. Akamtuma mtu: Kondo apande mnazi mrefu wa msikiti, ule uliosimama karibu na ua wake.

Kondo alikuwa na udhaifu mmoja, nao ninao mimi pia, Mungu anisaidie: vitumbua. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa ndiyo kwanza anavitoa kwenye chuma, vinatoa moshi. Kondo akachukua kimoja, akakitia mdomoni kizima, akatoka mbio.

"Baba Sikudhani, kula kwanza ndipo uende!"

"Mmh-mmh!"

Akafika mnazini. Akapiga shina, pa, pa, pa. Akafungua kinywa aite. Kitumbua cha moto! Ulimi huku, meno huku, machozi yanamtoka. Akaita: "Mm-mm muuu! Mm-mm muuu!" Nani atalisikia hilo? Hata mbuzi aliyefungwa pale chini hakugeuza shingo. Kondo akajiambia, ah, shina nimelipiga, si yatosha? Wajukuu zangu, shetani hupenda neno hilo, si yatosha. Akapanda.

Akafika juu, akakimeza kitumbua, akasema alhamdulillahi, akatazama chini.

Uani mwa Diwani palikuwa na punda. Punda mwenyewe alikuwa amevaa kanzu. Anatambaa kwa mikono na magoti mchangani, kilemba chake kimekuwa hatamu mdomoni, na mgongoni amempakia Kidawa, mjukuu wake wa miaka mitatu, anayempiga mbavuni kwa kisigino: "Hima, punda! Hima!" Na punda analia: "Hiii-hooo! Hiii-hooo!"

Alikuwa nani?

— Diwani!

Diwani Mwinyimvua, yule wa kukohoa watu wakanyooka! Kondo akashika kuti asianguke. Kuti likalia kwaa. Diwani akainua uso. Macho yakakutana, hatamu bado iko mdomoni.

"Nani huyo juu?" Sauti ilisikika mpaka sokoni.

Kondo akashuka, ngozi ya kifua imebaki mnazini. Chini watu wamekwisha kujaa. "Kondo, kuna nini? Tumesikia Diwani kapiga kelele! Tumesikia na punda! Juu kuna nini?"

"Kuna nazi tu," akasema Kondo, anahema.

Haikumsaidia. Kabla ya adhuhuri aliitwa barazani. Ada ya Makutini ilisema hivi: mkwezi asiyeita hukatwa kamba yake ya kukwelea, ile afungayo miguuni, mbele ya watu, naye na watu wake huuhama mji. Na baba wa mchumba, yule mwashi, alisimama palepale akasema, "Mimi sina maneno mengi. Kamba ikikatwa, Ijumaa hakuna harusi." Sikudhani, aliyekuwa nyuma na wanawake, akajifunika uso kwa kanga. Mikono yake imekwisha kupakwa hina.

Mzee mmoja wa baraza, Mwinyikai, ndiye aliyeuliza. Diwani amekaa kitini pake, jasho linamtiririka na kivulini hakuna joto.

"Kondo, uliita au hukuita?"

"Sikuita, Mwinyi. Nilikuwa na kitumbua mdomoni."

Watu wakacheka. Mwinyikai akawatazama, wakanyamaza.

"Umekiri. Lakini ada ina huruma. Ikiwa ulichokiona ni kidogo, kamba haikatwi. Ikiwa ni kikubwa, inakatwa. Sasa tuambie tupime. Uliona nini?"

Kondo akatazama miguu yake. Akiwaambia, amepona. Nani atamhamisha mtu kwa kuona babu akicheza na mjukuu? Ni jambo la kucheka tu. Lakini Diwani je? Kesho ataketi vipi barazani? Watoto wangemlilia hiii-hooo kila njia.

"Niliona nazi," akasema.

"Kondo!"

"Nazi tu, Mwinyi."

Watu wakaanza. "Sema, bwana, jiokoe!" "Mjinga huyu, anakufa na kinywa kimefungwa!" "Asubuhi kilijaa kitumbua, sasa kimejaa nini?" Mkewe akashindwa kuvumilia, akapaza sauti: "Baba Sikudhani! Kitumbua si umekwisha kumeza? Sema! Mwanao ana hina mikononi!"

Kondo akamgeukia. "Mama Sikudhani, nimekosa mara moja kwa kutoita. Unataka nikose mara ya pili kwa kusema? Ile kamba ni yangu, ikatwe. Yaliyokuwa uani si yangu." Akaivua kamba begani, akaiweka juu ya gogo.

Panga likaletwa. Mwinyikai akalinyanyua.

Ndipo kasauti kakatoka mlangoni: "Punda wanguuu!"

Kidawa! Ametoroka ndani, anaburuta kilemba kirefu cha babu yake mchangani. Akapita kati ya miguu ya watu mpaka kwa babu yake, akamwekea kilemba mdomoni. "Inama, punda, nipande!"

Salaam aleikum! Watu wakatazama juu, wakatazama vidole vyao vya miguu. Diwani angeweza kusema, mchukueni mtoto huyu, na wangemchukua. Angeweza kusema, mtoto anaota. Nani angebisha?

Lakini alimtazama Kondo. Akaitazama ile kamba juu ya gogo. Akamwona mtu aliyekuwa tayari kupoteza mji, kazi na harusi ya mwanawe ili yeye asichekwe. Na mtu mwenyewe ndiye yule ambaye yeye Diwani alikuwa akimpa mkono kwa ncha za vidole.

Diwani akainuka kitini. Akapiga magoti mchangani, na kanzu yake nyeupe, mbele ya mji mzima.

"Panda, mama," akamwambia Kidawa. Kisha akasema, "Mwinyikai, weka panga chini. Kondo aliona punda. Punda ni mimi."

Na akalia: "Hiii-hooo!"

Wajukuu zangu, kilichotokea hapo bibi wa bibi yangu alikuwa akikisimulia huku anajifuta machozi. Mji ulicheka mpaka watu wakakaa chini. Mwinyikai alicheka mpaka akaegemea panga. Yule mwashi, na ukali wake, alicheka hadi kofia ikamtoka. Na tangu siku hiyo Diwani akikohoa watu hawakunyoosha migongo, walimwamkia. Kumbe alikuwa akitamani hivyo miaka yote.

Hukumu ikatoka. Kosa la kutoita lilibaki kosa: Kondo asile kitumbua njiani mpaka afe. Alilia zaidi kwa hiyo kuliko angelilia kwa kamba. Kisha Diwani akamshika mkono, mkono mzima, akasema: "Wakwezi ni wengi pwani hii. Lakini nyumba ya mtu huyu iitwe Nyumba ya Mkwezi, mtu akiitaja ijulikane ni ipi." Na mwashi akadakia, "Basi harusi iwe Alhamisi, Ijumaa mbali!"

Sasa jina liliendaje mbali, na Kondo hakuwa na mtoto wa kiume? Kwa mabinti, wajukuu zangu. Watu walisema, ukitaka nyumba isiyovuja maneno, oa kwa Mkwezi. Wa pili akaolewa na mfua chuma, wa tatu na mwalimu wa chuo cha Kurani, wa nne na msuka mikeka, wa tano akaolewa mji wa mbali ng'ambo ya mto. Nasaba ni ya baba, ndivyo dini yetu isemavyo, wala hawakuibadili. Lakini mtu akiwa na siri nzito aliuliza, "Hapa hakuna mtoto wa Mkwezi?" akaonyeshwa nyumba ya mfua chuma. Wenyewe wakalipenda. Hata miaka mingi baadaye alipokuja karani wa serikali na daftari lake, akauliza jina la ukoo, mjukuu wa mwashi akajibu Mkwezi, mjukuu wa mwalimu akajibu Mkwezi, na hakuna aliyewahi kupanda hata mpapai.

Wengine, nisifiche, walijipachika tu, hawana damu ya Kondo hata tone. Inawezekana wawili katika hao wanne wa darasani kwako ni hao. Usiwafukuze. Anayejipachika jina jema atalazimika kulibeba, nalo litamnyoosha.

Na wenye damu je? Sisi nasi huteleza. Nilipokuwa msichana nililionea haya jina hili, na baya zaidi, nililivunja. Shoga yangu mmoja alikuwa bibi harusi mpya. Akaniambia chumbani, wawili tu, kwamba ile pilau waliyoisifu wakwe zake aliipika mdogo wake, yeye hata moto hajui kuukoka. Mimi, mtoto wa Mkwezi, niliyapeleka maneno hayo kisimani. Alasiri haikufika, mji mzima unajua. Miaka mitatu hakunisemesha. Nilisali, nikafunga, lakini Mungu alinitia moyoni kwamba haki ya mja huombwa kwa mja mwenyewe. Nikaenda, nikapiga magoti kama Diwani. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini kaa ule pilau yangu, sahani nzima, nami nikikutazama."

— Ilikuwaje, Bibi?

Haya, yamekwisha! Waliotoka mnazini wametoka, waliolia hiii-hooo wamelala, na mwaka mzuri utukute tukiwa wazima. Mwenye jina alibebe, mwenye siri ya mwenzake aiweke juu ilipo, na mwenye kosa aende akaombe radhi angali na magoti. Salha, lete tui.

— Bibi, huyo shoga yako ni Bibi Mwatima wa nyumba ya pili? Na pilau yake ilikuwaje?

Mtoto wewe! Wajukuu zangu, mkirudi kwenu mama zenu watawauliza, Bibi leo kasema nini? Mtawajibu nini?

— Kuna nazi tu!